Mzazi Hanuki

Wapo watu wanaosema kuzaa ni jambo zuri kulitazama. Basi walitazame wao. Kinyaa alilitazama mara moja, asubuhi aliyozaliwa mtoto wa kaka yake, na kwa maoni yake mara hiyo moja ilimtosha umri wake wote na chenji ikabaki.

Jina la Kinyaa alipewa nyumbani akiwa mdogo, kwa sababu hakukubali kunywea kikombe alichonywea mwingine wala kulalia mto uliolaliwa. Akakua nalo. Kazi aliyoangukia ikawa kama ya kumkomoa: mama yake alikuwa na nyumba ya wageni, na Kinyaa ndiye aliyesafisha vyumba. Alikuwa ameokota kucha za watu kwenye visahani vya chai, amevuta nywele ndefu kutoka kwenye tundu la bafu, na siku moja alikuta meno ya bandia yakiogelea ndani ya glasi aliyoiweka yeye mwenyewe kwa ajili ya maji ya kunywa. Binadamu, aliamini, ni kiumbe anayevuja, na kazi yake yeye ni kupita nyuma yake na kitambaa.

Sasa pale zahanati wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda, ameng'ang'ania chuma chake. Alitaka kuzaa kwa njia ya kawaida, bila sindano ya kuongeza uchungu wala ya kuuondoa, na mkunga alimwambia achague mkao unaomfaa. Kaka mtu alikuwa amekimbilia nje tangu chupa ya uzazi ilipopasuka. Basi mkunga akamshika Kinyaa mkono, akamwambia, "Wewe hapo, msugue mgongo."

Maji yalimlowesha viatu. Baada ya maji kikaja choo, kidogo, ambacho mkunga alikifuta kwa pamba huku akiendelea na maneno yake ya "vuta pumzi, sasa sukuma", kama mtu anayefuta meza. Hilo la choo hakuna aliyewahi kumwambia Kinyaa. Wanawake wote aliowajua walisimulia uchungu, walisimulia mtoto, choo walikiruka. Kisha kikaja kichwa, kimepakwa utelezi mweupe kama mafuta ya mgando, na wifi akatoa sauti nzito ambayo Kinyaa hakujua kwamba mwanamke mpole kama yule anaweza kuwa nayo. Akateleza mtoto wa kike, wa zambarau, amekunjamana, anapiga kelele.

Kinyaa alidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Likafuata kondo la nyuma, pande la nyama lenye mishipa, na mkunga akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaligeuza huku na huku kama mnunuzi wa mtumba anayetafuta tundu. "Hapa pembeni limechanika," alisema, "lakini naona limetoka lote." Kinyaa hakungoja kuona. Alitapika ndani ya beseni lililoandaliwa kumwogeshea mtoto.

Na wifi, damu ikimtiririka mapajani, ndiye aliyegeuka na kumwambia pole.

Walipokuwa wanaondoka, mkunga aliwasimamisha mlangoni wote watatu, kaka mtu, Kinyaa na mama yao aliyekuja kuwachukua. "Apumzike," alisema. "Asiinue ndoo, asifue, asikimbilie kazini. Damu itaendelea wiki kadhaa, itapungua na kubadilika rangi, na itanuka damu, basi. Siku mtakaposikia harufu ya kitu kilichooza, au mwili ukichemka, msikae mkaulizana. Mleteni." Mama yao aliitikia kila neno kwa lile tabasamu lake la mapokezi, na mkunga akaridhika kwamba ameeleweka.

Tabasamu lile lilikuwa limemjengea mama huyo jina. Wageni wote walimwita Mama Karibu. Alikuwa na sheria nyingi za kazi, lakini mama wa sheria zote ilikuwa moja: mgeni haambiwi. Mgeni akikojoa kitandani, godoro linatolewa akiwa matembezini. Aliwahi kuja bwana mmoja ambaye akivua viatu ukumbi mzima unahama, na Mama Karibu alichofanya ni kufungua madirisha, kusogeza birika la chai karibu na mlango, na siku ya kuondoka kumwambia karibu tena. "Mgeni hanuki," aliwafundisha wanawe tangu wadogo. "Chumba ndicho kinachotaka hewa."

Habari ya matapishi ilifika nyumbani kabla ya mtoto, na kaka mtu, aliyekimbilia nje, ndiye aliyeisimulia kwa madaha zaidi. Mama Karibu hakucheka. Alimwita Kinyaa kwenye chumba cha mashuka, akafunga mlango.

"Tumbo halina adabu, sikulaumu," alisema. "Nakulaumu kwa ule uso. Yule hana mama hapa. Mama yake yuko mbali na miguu haimbebi. Akiona umemkunjia pua ataona aibu, na mzazi mwenye aibu hali, halali, hanyonyeshi. Nampa chumba cha kona, chenye jua. Wewe ndiye utakayemtunza. Sitaki kusikia neno nuka kwenye chumba kile. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Na huo uso ukunjue."

Basi Kinyaa akaanza kumtunza mzazi kwa uso uliokunjuliwa, na kama kuna kazi ngumu kuliko hiyo hakuwahi kuajiriwa nayo. Kulikuwa na pedi nzito zilizojaa mabonge ya damu kama maini. Kulikuwa na choo cha kwanza cha mtoto, cheusi, kinachong'ang'ania kama lami, ambacho kilipita kwenye nepi kikapanda mgongoni mpaka shingoni. Kulikuwa na maziwa yaliyovuja yakachachia kwenye gauni. Chuchu zilipasuka, zikatoa usaha kidogo, zikaganda, na mtoto akazinyonya hivyo hivyo. Asubuhi na jioni Kinyaa alitayarisha beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi ili wifi akalie, kwa sababu alikuwa amechanika na kushonwa, na baadaye aliyamwaga maji yale, ya waridi, huku akitazama dari na kuimba moyoni.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Kinyaa aliona heri wangeongeza kwamba ufuaji wake anaujua mwingine.

Wifi naye alikuwa mgeni wa kufundishika. Hakulalamika. Aliomba samahani kwa kila shuka, alisema asante kwa kila kikombe, na akitaka kwenda chooni alitanguliza, "Wifi, kama huna kazi." Kulikuwa na saa za mchana ambazo jua lilijaa chumbani, mtoto amelala, nao wawili wanakunja nepi, ambapo Kinyaa alimpenda kabisa. Alimpenda kuanzia kiunoni kwenda juu.

Kisha siku moja aliinua shuka kubadilisha, akasikia harufu nyingine.

Haikuwa ya damu. Ya damu alikuwa ameizoea kwa lazima. Hii ilikuwa tamu kidogo na chafu, na iliingia kooni ikakaa, kama ile inayotoka kwenye friji la mgeni aliyesahau nyama akasafiri. Kinyaa alisimama na ncha ya shuka mkononi. Alimkumbuka mkunga pale mlangoni, neno kwa neno. Halafu akajikumbuka yeye mwenyewe. Ni nani ambaye maishani mwake hakuwahi kumnukia vibaya? Kwake hata sabuni mpya ilikuwa na kasoro. Pua yake ilikuwa imelalamika mara nyingi mno nyumbani mle, imechekwa mara nyingi mno, na sasa ilipokuwa na jambo la maana la kusema yeye mwenyewe hakuiamini. Akakunjua uso. Akabadilisha shuka.

Mama Karibu aliingia muda mfupi baadaye na bakuli la supu. Alifika katikati ya chumba, akasita hatua moja, kisha akaendelea kama aliyejikwaa kwenye zulia. Akaweka bakuli. Akafungua dirisha. Akachukua kopo la manukato akapulizia pazia, akapulizia mlango, akapulizia hewa juu ya kitanda, huku akisifia nywele za mtoto.

"Chumba hiki kinataka hewa," alisema.

Kinyaa alifarijika, na ndilo lililomchukiza baadaye alipolikumbuka, kwamba alifarijika. Mama alikuwa amezaa watoto wawili. Kama ingekuwa jambo, mama angesema.

Kutoka hapo nyumba nzima ikaanza kuwa na adabu. Kaka mtu, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza matangi ya maji na jenereta ya nyumba, alikuwa akija kila mara kukaa kitandani na mkewe. Sasa alisimamia mlangoni, anapitisha matunda kwa mkono mrefu, anasema ana mafuta ya mashine hataki kumchafua mtoto. Mashuka yakawa yanabadilishwa asubuhi, mchana na jioni. Kopo la manukato likaisha, likaja jingine la harufu ya waridi, na harufu ile haikuondoka ila ilivaa waridi, ikawa mbaya maradufu. Wifi akaacha kula vizuri. Alisema tumbo la chini linamkaza, lakini akaongeza mwenyewe kwamba labda ndivyo linavyorudi. Mchana wa jua kali aliomba blanketi.

"Uzazi una baridi yake," alisema Mama Karibu, akamletea blanketi zito la chumba cha wageni wakubwa.

Wakati anafunikwa, wifi aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Mama," alisema, "sinuki kweli?"

"Unuke una nini, mwanangu? Unanukia kama ua."

Akamgeukia Kinyaa. "Wifi?"

Kinyaa alikuwa anapumulia mdomo. Alimwona mama yake ng'ambo ya kitanda, ametabasamu, macho hayatabasamu.

"Hapana," alisema. "Hunuki."

Wifi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa chumba asichokitaka na hana pengine pa kwenda. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Kesho yake mtoto alilia hadi akakauka sauti. Kinyaa aliacha ufagio ukumbini, akaingia chumba cha kona. Mtoto alikuwa kwenye kitanda chake kidogo karibu na dirisha, amekuwa mwekundu, anatafuta titi hewani. Wifi alikuwa amelala amegeukia ukuta, blanketi hadi masikioni, magoti yamekunjwa tumboni. Kwenye gauni, maziwa yalikuwa yamechora maduara mawili makubwa.

"Ana njaa huyu," alisema Kinyaa. Akamnyanyua, akamsogeza kitandani.

"Usimlete."

"Wifi, anataka kunyonya."

"Mpe maji ya glukosi. Mpe chochote." Sauti ilikuwa ndogo na meno yalikuwa yanagongana. "Sitaki anizoee hivi nilivyo. Ninyi watu wazima mnajua kuvumilia. Yeye akinichukia atanichukia kweli."

"Akuchukie kwa nini?"

Wifi alijivuta zaidi ukutani ili asimguse, mtoto wake mwenyewe, kwa namna mtu anavyosogea kwenye benchi ili asimchafue wa pembeni. Na Kinyaa akaelewa kwamba mwanamke huyu alikuwa anaisikia harufu yote, alikuwa anaisikia zaidi yao kwa sababu inatoka ndani yake, na kwa siku zote hizo alikuwa amelala humo peke yake, amezungukwa na watu wanaomwambia ananukia kama ua.

Alimrudisha mtoto kwenye kitanda chake. Akafunua blanketi. Harufu ikampiga usoni, na safari hii aliuacha uso ufanye unavyotaka.

"Wifi, unanuka," alisema. "Unanuka vibaya. Unanuka kitu kilichooza, na ulianza kunuka siku nyingi, na mimi nilikudanganya."

Wifi aligeuka. Kinyaa alitegemea aibu, alitegemea kilio cha aibu. Wifi alilia kweli, lakini alimshika Kinyaa mkono kwa nguvu zote zilizobaki, akaukandamiza shavuni, na mkono ukaungua.

"Asante," alisema. "Nilidhani naingiwa na wazimu. Nilidhani ni mimi tu. Asante, wifi yangu."

"Acha asante zako. Nyanyuka."

Hakuweza kunyanyuka. Kinyaa alimwita kaka yake kwa sauti iliyowafanya wageni watatu watoe vichwa milangoni. Kaka mtu alimbeba mkewe akiwa ameufumba mdomo, machozi yanamtoka, na ukumbini walikutana na Mama Karibu, ambaye alitazama wageni kwanza, kisha mkwewe.

"Taratibu," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanaona."

"Na wanuse," alisema Kinyaa, akampita.

Pale zahanati mkunga yule yule alimfunua mgonjwa, akarudisha shuka, akamwita daktari bila kupandisha sauti. Mambo yakaenda haraka. Wakamtundikia dripu. Wakamwuliza Kinyaa kama atabaki, naye akabaki, akishika mkono ule ule unaoungua, na akaona chombo kinaingia na kinachotoka. Kilikuwa kipande cha kondo la nyuma, si kikubwa, cha kijivu, kinateleza, kimebaki ndani tangu siku ya kuzaa na kuoza humo, kwenye mwili wa mtu aliye hai anayesema asante. Daktari aligeuza uso. Kinyaa alitapika tena, sakafuni, bila kuuachia mkono.

"Harufu hii ilianza lini?" daktari aliuliza alipotokea ukumbini. Walikuwepo wote, kaka mtu, Kinyaa, na Mama Karibu aliyempakata mtoto. "Siyo ya leo hii. Sumu imeshaanza kuingia kwenye damu. Mngengoja kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine. Nani aliyekuwa anamtunza?"

Kaka mtu aliangalia viatu vyake. Mama Karibu alitabasamu.

"Mimi," alisema Kinyaa.

Daktari alimtazama, akatikisa kichwa, akarudi ndani. Alisema bado hajui, wangoje homa.

Waliketi kwenye benchi. Mtoto alikuwa amepewa maziwa ya kopo na amelala. Baada ya muda mrefu Kinyaa aliuliza, bila kumgeukia mama yake, "Wewe ulisikia lini?"

"Siku ile ya supu," alisema Mama Karibu.

"Nilijua umesikia. Nikasema kama ni jambo, mama atasema."

"Nilitaka kusema." Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya nguo ya mtoto, ikae sawa. "Kila nikiingia najiambia leo. Nikimwona anavyonitazama, mdomo unasema mengine. Nimezoea vibaya, mwanangu. Nikawa namwombea ipite yenyewe."

"Ulimpulizia manukato, mama."

"Na wewe ulimbadilishia mashuka."

Mficha maradhi kilio humuumbua, na methali hiyo hakuna asiyeijua, ila hakuna asemaye la kufanya pale mficha si mgonjwa. Kinyaa aliitazama ile mikono safi ya mama yake, kucha zilizokatwa vizuri, tabasamu ambalo hata hapo halikuweza kuondoka kabisa. Alikuwa ameona damu, choo, usaha na nyama iliyooza, vyote katika mwezi mmoja, na hakuna kilichomtia kichefuchefu kama kile alichokisikia sasa. Na hakikuwa kimetoka kwa mama yake peke yake. Angependa kusogea mbali kwenye benchi, lakini alichokuwa anakikimbia kilikuwa ndani ya gauni lake mwenyewe.

Homa haikushuka siku hiyo, wala iliyofuata. Ilipoanza kushuka ilishuka kwa shingo upande, na daktari akaruhusu waingie.

Wifi alikuwa amekonda uso, midomo imepasuka, dripu mkononi. Mama Karibu alitangulia na mtoto. Alikuwa amekuja na shuka jipya begani, limepigwa pasi.

"Mwanangu," alisema, "tazama ulivyopendeza. Na chumba chako hakina hata harufu."

Alisema kwa mapenzi, hilo Kinyaa aliliona. Wifi naye aliliona labda, kwa sababu alimpa mama mkwe tabasamu, fupi, la mtu anayempokea mgeni. Halafu macho yake yakampita, yakamtafuta Kinyaa pale mlangoni.

"Njoo wewe," alisema. "Niambie."

Kinyaa alikwenda. Aliinama, akamnusa shingoni, akafunua shuka akanusa na huko, bila haraka, mbele ya mumewe na mama mkwe na mgonjwa wa kitanda cha jirani aliyeacha kutafuna ili atazame.

"Damu," alisema. "Damu tu. Jasho la homa, na dawa yao ya sakafu. Kwapa zinatisha. Na huo mdomo upigwe mswaki kabla hujaongea na mtu mwingine."

"Lakini ile?"

"Ile haipo."

Wifi alifumba macho, kifua kikapanda na kushuka. Kisha akajisogeza kitandani kwa taabu, akaacha nafasi upande wake.

"Nipeni mwanangu," alisema.

Mama Karibu alisogea haraka na mtoto, mikono yote miwili mbele. Wifi hakuinua yake.

"Mpe wifi," alisema kwa upole. "Wifi ndiye ataniletea."

Mama Karibu alisimama hapo kitambo, shuka la pasi begani. Kisha akamgeukia binti yake, akamkabidhi mtoto. Nepi ilikuwa imejaa na imevuja choo cha njano mpaka kwenye mkono wa Kinyaa. Alikunja uso wote mpaka meno yakaonekana, na akampeleka mtoto kwa mama yake hivyo hivyo.